Moyo Wakati wa Mzio Mkali: Kemikali za Mimea na Mipaka Yake

Chanzo cha mkanganyiko

Katika Kware, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, neno aleji hubebeshwa mambo mengi kwa wakati mmoja: hutajwa kwa vipele vinavyowasha, kwa mafua yanayoletwa na vumbi la barabara na moshi wa viwanda, kwa tumbo linalokataa maziwa, na pia kwa mtu aliyeanguka na kupoteza fahamu dakika chache baada ya kudungwa sindano ya penisilini. Kwa kuwa jina ni moja, tiba nayo hutarajiwa kuwa moja, na mara nyingi huwa ni kidonge cha Piriton kutoka duka la dawa la mtaani, au unga wa mitishamba unaouzwa kando ya barabara kwa sifa ya kusafisha damu na kuimarisha moyo. Juu ya mazoea hayo limekuja dai linalopokewa kwa urahisi kwa sababu linavaa joho la sayansi, nalo ni kwamba imegunduliwa kemikali ya mmea inayoulinda moyo wakati wa mzio, na kwa hiyo anayetumia mmea huo hana tena haja ya kumhofia nyuki, samaki wala sindano.

Dai hilo limefuma kweli na uongo pamoja, na halifumuki kwa kukanushwa tu. Kemikali za mimea zenye uwezo wa kutuliza mzio zipo, zimechunguzwa kwa miongo mingi, na baadhi ya dawa zinazotumika hospitalini leo ni uzao wake. Hata hivyo, kuuzuia mzio usitokee, kuupunguzia makali, na kumwokoa mtu ambaye shinikizo lake la damu limekwisha kuporomoka ni kazi tatu tofauti, na ushahidi uliopatikana katika kazi ya kwanza hauwezi kuazimwa ili kuthibitisha ya tatu. Mjadala wa hadharani huziruka tofauti hizo, na wauzaji wa mitishamba si peke yao wanaoziruka. Vichwa vya habari vya magazeti makubwa duniani hufanya vivyo hivyo kila jaribio la panya linapotangazwa kana kwamba ni tiba ya binadamu.

Kinachoupata moyo

Mzio mkali unaoenea mwili mzima huitwa anafilaksia, na historia yake ya kisayansi huanzia mwaka 1901, pale Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walipowadunga mbwa sumu ya viumbe wa baharini wakitaraji kuwajengea kinga, kisha wakaona kwamba dozi ndogo ya pili, iliyotolewa wiki kadhaa baadaye, iliwaua kwa muda mfupi. Mwili ulikuwa umejifunza kuitambua sumu, lakini mafunzo hayo yalikuwa ya kuudhuru. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa ugunduzi huo.

Maelezo yaliyokuja baadaye yanazihusu seli za masti, yaani seli za kinga zilizojaa vifuko vya kemikali kali, ambazo huvalia juu yake kingamwili za aina ya IgE na kupasua vifuko hivyo mara tu zinapokutana na kitu kilichowahi kuzichokoza. Humwagika histamini, inayotanua mishipa na kuifanya ivuje. Humwagika vimeng'enya kama triptesi na kaimesi. Na papo hapo hutengenezwa kemikali nyingine za mafuta, ikiwemo ile inayoitwa PAF, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuziamsha chembe sahani zinazogandisha damu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba moyo hupata shida kwa njia ya mzunguko tu, yaani maji ya damu yanavuja kutoka kwenye mishipa, moyo unakosa cha kusukuma, na mtu anazirai. Sehemu hiyo ya maelezo ni ya kweli, kwani katika anafilaksia mwili unaweza kupoteza hadi asilimia 35 ya ujazo wa damu iliyomo mishipani katika muda wa dakika 10, na ndiyo maana mgonjwa hulazwa chali na miguu yake kuinuliwa, wala hasimamishwi ghafla.

Lakini moyo wenyewe pia una seli za masti. Zimekaa katikati ya nyuzi za misuli yake na kandokando ya ateri zinazoulisha, na kwa wenye ugonjwa wa ateri hukusanyika zaidi palipoganda mafuta. Gianni Marone na wenzake wa Naples, Italia, walifaulu kuzitenga seli hizo kutoka mioyo ya binadamu na kuonyesha kwamba zinaweza kuchokozwa na kumwaga kemikali zake, hata na dawa zinazotumiwa kung'arisha picha za eksirei. Mwaka 1991 Nicholas Kounis na Zavras, madaktari wa Ugiriki, walieleza hali ambayo sasa hubeba jina la Kounis: mtu anapata maumivu ya kifua au shambulio kamili la moyo kwa sababu ya mzio, ama kwa ateri zilizo nzima kujikaza, ama kwa utando wa mafuta wa zamani kupasuka, ama kwa damu kuganda ndani ya kifaa kilichowekwa kuizibua ateri. Hapa ndipo swali la kemikali ya mmea linapopata uzito wake, kwa sababu ikiwa moyo hudhuriwa na kemikali zilizomwagwa ndani yake, basi kitu kinachozuia kumwagwa kwa kemikali hizo, au kinachoziba vipokezi vyake, kingekuwa kinaulinda moyo moja kwa moja.

Khelini na vizazi vyake

Mfano mkongwe kuliko yote unatoka Misri. Mmea wa jamii ya bizari uitwao Ammi visnaga umetumiwa huko kwa karne nyingi kutuliza maumivu ya mawe ya figo, na kemikali yake kuu ni khelini. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa fiziolojia Gleb Anrep, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alitambua kwamba fundi wa maabara aliyetumia mmea huo kwa ajili ya figo alipata nafuu ya maumivu ya kifua, na uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba khelini hutanua ateri za moyo. Dawa hiyo ilitumika kwa muda, kisha ikaachwa kwa sababu ya kichefuchefu na madhara mengine yaliyowachosha wagonjwa.

Kilichofuata kina maana kubwa kuliko khelini yenyewe. Nchini Uingereza, Roger Altounyan, daktari mzaliwa wa Syria aliyekuwa na pumu, alijaribu juu ya mapafu yake mwenyewe kemikali mbalimbali zilizotengenezwa kwa kuigeuza khelini, akivuta kwanza vumbi la manyoya ya wanyama ili kujichokoza mzio na kupima ni ipi inayouzuia. Mwaka 1965 ilipatikana kromoglikati, dawa inayotuliza seli za masti, ambayo iliingia sokoni kabla ya muongo huo kwisha. Upande mwingine, maabara za Ubelgiji zilizokuwa zikiigeuza khelini hiyohiyo kwa ajili ya moyo ziliishia kupata amiodaroni, ambayo hadi leo ni dawa muhimu ya kurekebisha mapigo yaliyovurugika. Mmea mmoja, kwa hiyo, ndio bibi wa dawa ya mzio na pia wa dawa ya moyo.

Nguvu ya mfano huu ni kwamba unawakosoa wanaodai mimea haina lolote la kutoa. Udhaifu wake, kwa wanaotaka kuutumia kuuza mitishamba, ni kwamba faida ilipatikana baada ya molekuli kubadilishwa mara nyingi, na kwamba kromoglikati hufanya kazi ikitangulia mzio: mtu anayeivuta baada ya seli za masti kupasuka amechelewa. Isitoshe, seli za masti hazifanani kila mahali mwilini, na dawa inayozituliza zile za mapafu huenda isizitulize zile za ngozi, sembuse za moyo.

Ginkgolidi B na kemikali moja ya kumwagika

Njia ya pili huziacha seli za masti zipasuke, kisha ikaziba mlango ambao kemikali mojawapo ingepitia. Majani ya mti wa ginko, unaotoka China, yana kemikali ziitwazo ginkgolidi, na katika miaka ya 1980 Pierre Braquet na watafiti wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba ginkgolidi B, waliyoipa namba BN 52021, huziba vipokezi vya PAF. Katika mioyo ya simbilisi, wanyama wadogo wa maabara wa jamii ya panya, PAF hupunguza mtiririko wa damu katika ateri za moyo na kudhoofisha mkazo wa misuli, na ginkgolidi B ilipunguza madhara hayo. Kwa binadamu, jaribio lililochapishwa mwaka 1987 katika jarida la Lancet lilionyesha kwamba mchanganyiko wa ginkgolidi ulionywewa ulipunguza uvimbe wa ngozi uliosababishwa na PAF.

Hoja hiyo ilipata mbolea mwaka 2008, pale Peter Vadas na wenzake wa Kanada walipoonyesha kwamba wagonjwa wa anafilaksia wenye PAF nyingi katika damu, na wenye upungufu wa kimeng'enya kinachoivunja, ndio waliopata hali mbaya zaidi. Kama kuna kemikali moja inayostahili kuzibiwa njia ili moyo usalimike, basi PAF imo katika orodha fupi.

Hata hivyo, historia ya ginkgolidi B ina funzo ambalo wapenda tiba za mimea hawalitaji. Ilijaribiwa kwa wagonjwa mahututi waliokuwa na maambukizi yaliyoenea katika damu, hali nyingine ambamo PAF inahusika. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 1994, lilileta matumaini kwa kundi fulani la wagonjwa. Jaribio la kuthibitisha, lililochapishwa mwaka 1998, halikuonyesha faida ya kuaminika katika kupunguza vifo. Mwili ulio katika mshtuko humwaga kemikali nyingi kwa pamoja, na kuizuia moja huacha nyingine zikiendelea na kazi yake. Vidonge vya ginko vinavyouzwa kama virutubisho ni jambo jingine tena: kiasi cha ginkgolidi B ndani yake ni kidogo, na kwa kuwa vinaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu, anayetumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande hana sababu ya kuvichezea.

Forskolini na jani la maigoya

Kemikali ya tatu inawahusu Wakenya kwa karibu zaidi. Mmea uitwao kitaalamu Coleus barbatus, ambao Wagikuyu huuita maigoya, huota kando ya nyua na mashamba ya nyanda za juu. Majani yake laini hutumika kuivishia ndizi, na wengi waliokulia mashambani wanayajua pia kama karatasi ya msalani isiyonunuliwa. Nchini India mmea huohuo una historia ndefu katika tiba ya Ayurveda, na ni huko Bombay, katika miaka ya 1970, ambako watafiti wa kampuni ya Hoechst waliokuwa wakipekua mimea ya dawa walitenga kemikali kutoka mizizi yake na kuiita forskolini, kwa kumbukumbu ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki Yemeni mwaka 1763.

Umuhimu wa forskolini unatokana na mahali inapoingilia. Ndani ya seli kuna kijumbe kiitwacho saikliki AMP, ambacho kikiongezeka huzifanya seli za masti zitulie, hulegeza misuli ya njia za hewa, na huongeza nguvu ya mkazo wa moyo. Adrenalini, dawa kuu ya anafilaksia, hukiongeza kijumbe hicho kwa kubisha hodi katika vipokezi vya beta vilivyo juu ya seli. Forskolini haibishi hodi. Huingia moja kwa moja kwenye kimeng'enya kinachokitengeneza. Majaribio ya miaka ya 1980, yakiwemo yale ya kundi la Marone, yalionyesha kwamba forskolini hupunguza umwagaji wa histamini kutoka seli za mzio za binadamu, na madaktari wa Japani walipata dawa ya sindano iliyotokana nayo, kolforsini daropati, kwa ajili ya moyo unaoshindwa ghafla.

Kwa maelezo hayo, forskolini inaonekana kuwa na kila kitu: inatuliza chanzo cha mzio, inafungua njia za hewa, inauimarisha moyo. Kasoro yake imejificha katika jambo la nne. Saikliki AMP hutanua mishipa ya damu pia, na katika anafilaksia mishipa tayari imetanuka na inavuja. Mgonjwa ambaye shinikizo lake limeshuka hafaidiki na dawa inayolishusha zaidi, hata kama dawa hiyo inauongezea moyo nguvu, kwa kuwa moyo wenye nguvu usio na damu ya kusukuma haufikishi kitu kwenye ubongo. Adrenalini huokoa kwa sababu ina mkono wa pili, yaani vipokezi vya alfa, unaokaza mishipa na kurudisha shinikizo. Forskolini haina mkono huo. Zaidi ya hayo, kuulazimisha moyo upige kwa kasi na nguvu huongeza mahitaji yake ya oksijeni wakati ambapo ateri zake huenda zimejikaza, na kwa mgonjwa wa hali ya Kounis huko ni kuutwika mzigo moyo uliokwisha kuelemewa.

Kuna pia suala la jani na mzizi. Forskolini hukaa hasa kwenye mizizi, ilhali sehemu inayojulikana na kutumiwa zaidi nchini Kenya ni majani, na hata mizizi yenyewe hutofautiana kiasi kulingana na aina, udongo na umri wa mmea. Mtu anayechemsha maigoya kwa imani kwamba anakunywa dawa ya moyo huenda anakunywa kemikali nyingine kabisa za jani hilo, na akibahatika kupata forskolini, hana njia ya kujua ni kiasi gani. Pwani na nyika za Afrika Mashariki zina kumbukumbu yake ya uzito wa suala la kipimo: msunguti, mti wa sumu ya mishale uliotumiwa na wawindaji wa Kigiriama na Kikamba, una wabaini, kemikali ya jamii moja na dawa za kuuongezea moyo nguvu, na John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aligundua nguvu ya sumu ya mmea mwingine wa namna hiyo pale ilipochafua mswaki wake na mapigo yake yakapungua. Kutokana na mmea huo Thomas Fraser wa Edinburgh alipata strofanthini, iliyokuja kuwa dawa ya moyo. Aliyepigwa mshale wenye sumu hiyo alikufa kwa kemikali ileile.

Vitunguu, sukuma wiki na kwersetini

Kemikali ya nne haihitaji kurasa nyingi. Kwersetini, inayopatikana katika vitunguu vyekundu, chai na sukuma wiki, hutuliza seli za masti katika maabara. Jambo hilo limejulikana tangu 1977, na mwaka 2012 kundi la Theoharides la Boston lilionyesha kwamba katika seli za binadamu ilifanya vizuri kuliko kromoglikati katika vipimo fulani. Lakini kiasi kinachotumiwa katika sahani za maabara ni kikubwa kuliko kinachofika katika damu baada ya mlo, kwa kuwa utumbo na ini huigeuza kwersetini kabla haijasambaa. Mlo wenye mboga ni mzuri kwa moyo kwa sababu nyingine nyingi zilizothibitishwa, na hauhitaji kupambwa kwa sifa ya kuzuia anafilaksia.

Hoja zinazoshindana

Misimamo mitatu hukutana katika mjadala huu. Wa kwanza ni wa watetezi wa tiba asilia, wanaosema kwamba maarifa ya mababu yametumika muda mrefu, kwamba viwanda vya dawa huchukua kemikali za mimea na kuziuza kwa bei ambayo mkazi wa Embakasi hawezi kuimudu, na kwamba kudai majaribio ya mamilioni ya fedha kabla ya kukubali mmea ni kuifungia milango tiba ya maskini. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni ngumu kujibiwa, na historia ya khelini inaiunga mkono. Sehemu ya kwanza ni dhaifu kuliko inavyoonekana, kwa sababu maarifa yanayorithiwa hujengwa kwa kuona marudio, na anafilaksia ni nadra, ya ghafla, na mara nyingine huisha yenyewe; mganga aliyempa mgonjwa mmoja dawa akapona hana namna ya kujua kama angepona bila hiyo, na yule aliyekufa hakurudi kutoa ushahidi. Kwa homa, vidonda au tumbo, karne za matumizi zinaweza kufundisha jambo. Kwa mshtuko wa mzio, hazifundishi sana.

Msimamo wa pili ni wa madaktari wanaoshikilia kwamba adrenalini inatosha na kila kingine ni kelele. Wana nguvu ya mwongozo wa kimataifa: adrenalini ya miligramu 0.5 kwa mtu mzima, au miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto bila kuzidi kiwango hicho, idungwe kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, na irudiwe baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Dawa za kuzuia histamini, Piriton ikiwemo, hutuliza mwasho na vipele, lakini hazirudishi shinikizo wala hazifungui koo lililovimba. Hata hivyo, msimamo huu nao una mwanya wake. Adrenalini inaweza kuzidisha mkazo wa ateri katika hali ya Kounis, na ingawa wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mshtuko ukiwepo ni lazima itolewe, hilo halithibitishi kwamba dawa iliyojulikana tangu 1901 ndiyo ukomo wa tiba.

Wa tatu ni wa watafiti wa maabara, wanaoona katika kila molekuli mwanzo wa dawa mpya. Hao ndio waliotupa yote yaliyoelezwa hapo juu, na ndio pia walioacha neno kulinda litumike kiholela. Katika makala ya kisayansi, kuulinda moyo huweza kumaanisha kwamba simbilisi aliyepewa kemikali saa moja kabla ya kuchokozwa alipata hitilafu chache za mapigo. Kwa msomaji wa kawaida humaanisha kwamba mtu aliyeanguka atainuka. Kati ya maana hizo mbili pana umbali wa miaka mingi ya majaribio ambayo, kwa anafilaksia, ni magumu kwa sababu zinazoeleweka: mgonjwa hafiki kwa miadi, hawezi kuombwa idhini akiwa hana fahamu, na hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu kundi moja linyimwe adrenalini ili dawa ya mmea ilinganishwe nayo.

Dakika za Kware

Uzito wa misimamo hiyo hubadilika ukipimwa kwa saa. Uchunguzi wa Richard Pumphrey kuhusu vifo vya anafilaksia nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba muda wa kati kutoka mchokozo hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 5 kwa dawa zilizotolewa hospitalini, dakika 15 kwa sumu ya wadudu na dakika 30 kwa chakula. Kidonge au kikombe cha mchemsho hupitia tumboni, ambako wakati wa mshtuko damu hupungua na kutapika ni jambo la kawaida. Hakuna kemikali ya kunywa, iwe ya mmea au ya kiwanda, inayoweza kutegemewa katika muda huo. Adrenalini iliyodungwa pajani hufikia kilele chake katika damu baada ya takriban dakika 8.

Mtaa wenye majumba ya ghorofa yaliyosongamana, vichochoro ambavyo gari la wagonjwa halipiti, na hospitali kubwa ya umma ya karibu ikiwa ni Mama Lucy Kibaki, unahitaji dawa iliyo karibu kuliko hospitali. Ampuli ya adrenalini ni miongoni mwa dawa rahisi kwa bei, na imo katika orodha ya dawa muhimu za taifa na za Shirika la Afya Duniani. Kinachokosekana ni mtu aliyefunzwa kuitumia na mahali salama pa kuihifadhi, kwa kuwa mwanga na joto huiharibu, na chumba cha mabati mchana wa Februari si mahali pake. Sindano zinazojidunga zenyewe, zinazobebwa mkobani na wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ni ghali na hupitwa na muda katika kipindi cha mwaka mmoja na kidogo. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa na serikali mwaka 2023, wapatao 100,000 nchini kote, hupita mlango kwa mlango wakiwa na vipima shinikizo na vipima sukari, na wangeweza angalau kuwafundisha wakazi dalili zinazotofautisha vipele vya kawaida na anafilaksia: sauti kubadilika, koo kubana, kupumua kwa mluzi, kizunguzungu, na kuzirai.

Gharama ya kuamini dai la mmea haiishii kwenye fedha alizolipwa muuzaji. Mtu aliyeambiwa na daktari ajiepushe na penisilini, kisha akaaminishwa kwamba unga fulani unaukinga moyo wake, huacha kumweleza muuguzi wa zahanati kuhusu mzio huo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliahidi utaratibu wa kusimamia tiba asilia. Haki ya kwanza haimsaidii asiyejua kwamba yuko katika dharura, na ahadi ya pili bado haijafika kwenye meza ya muuza unga kando ya barabara.

Mahali ambapo mmea ungefaa

Ukiondolewa kelele, uchunguzi wa kemikali hizi unaacha eneo moja ambalo ni dogo lakini lina maana. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na wa moyo hutumia dawa zinazoziba vipokezi vya beta, kama propranololi, atenololi na kavedilolo. Mgonjwa kama huyo akipatwa na anafilaksia, adrenalini hukuta mlango mmoja umefungwa, na moyo wake huweza kukataa kuitika hata dozi zikirudiwa. Miongozo hupendekeza glukagoni, homoni inayoongeza saikliki AMP bila kupitia vipokezi vya beta, lakini glukagoni ni ghali na si kila chumba cha dharura kinachoiweka. Forskolini hupita njia ya jamii hiyohiyo. Ikitolewa kwa mshipa, kwa kipimo kinachojulikana, juu ya adrenalini na maji ya kurudisha ujazo wa damu, kasoro yake ya kutanua mishipa ingeweza kudhibitiwa, na faida yake kwa moyo uliofungiwa vipokezi ingekuwa na nafasi ya kuonekana.

Jaribio la namna hiyo lingeanzia katika vyumba vya upasuaji na vya picha za eksirei, ambako mzio hutokea mbele ya wataalamu wenye vifaa vyote na ambako wagonjwa wanaweza kuombwa idhini mapema, na lingehitaji dawa safi ya sindano kama ile ya Japani. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye kituo cha tiba asilia, ina uwezo wa kufanya hatua inayotangulia hiyo kwa gharama ndogo zaidi: kuipima mizizi na majani ya maigoya ya Kiambu, Nyeri na Meru, msimu kwa msimu, na kuchapisha ni kiasi gani cha forskolini kilichomo. Matokeo hayo yangemweleza mtafiti kama kuna malighafi ya kutosha nchini, na yangemwezesha msimamizi wa dawa kumuuliza muuzaji wa Kware, kwa takwimu mkononi, ni nini hasa kilicho ndani ya pakiti yake.